Tupeane uzoefu: pasti pepa (mitihani ya miaka ya nyuma) za Hesabu form four, zilikutoa au zilikupoteza?

Anti_wa_Sakina: Wadau habari za jioni. Leo steshenari moja Kilombero nimekuta madogo wa form four wanagombania kopi za pasti pepa za Basic Math, nikakumbuka mbali. Nani alipiga sana hizi enzi zake? Funguka.

Chalii_Ngarenaro: Mi zilinitoa. Moku, ule mtihani wa majaribio, nilipata F, nikaanza kusolvu pepa moja kila jioni na saa mezani, masaa matatu kamili, sinyanyuki. Nikatoka na C.

Kibosho_Juu: Saa mezani ndo mpango.

Dogo_Pasua: Ngoja niwape kisanga. Boding, usiku wa kuamkia pepa ya Hesabu, kuna jamaa kaja bwenini anasema pepa imevuja, buku tano kwa kichwa, watu wakachanga mpaka hela za nauli ya kurudi nyumbani zikaenda. Kopi inakuja, pale kwenye mwaka pamefunikwa pametoka peupe. Mi kusoma tu swali la linia programing, mkulima na heka zake za mahindi na maharage, nikawaambia wazee hii nimeisolvu juzi tu hapa. Nikatoa faili langu, ni ileile mpaka namba za traio balansi. Wakanizomea, eti wivu, sina buku tano. Wakakesha wanakariri majibu. Asubuhi tunafungua hamna hata swali moja, na mmoja wao alikaa mbele yangu, anageuza pepa mbele nyuma mbele nyuma kama anatafuta chenji yake.

Kibosho_Juu: 😂😂 chenji

Mama_Kijenge: Na aliyeuza alifanywaje??

Dogo_Pasua: Alikuwa wa day, halali boding, kesho yake hakuonekana bwenini tena.

Ticha_Mstaafu: Tuache vichekesho. Mwanafunzi asiguse majibu mpaka amalize pepa nzima.

Chalii_Ngarenaro: Ticha shikamoo, ila hapo sikubali. Mtu hajui vekta kabisa atakaa masaa matatu anatazama nini? Aangalie njia kwanza.

Ticha_Mstaafu: Marahaba. Asiyejua vekta arudi kwenye daftari, pasti pepa sio mwalimu.

Chalii_Ngarenaro: Wa Moshi mnapenda kubishana.

Ticha_Mstaafu: Mimi ni wa Usa River kijana.

Mama_Kijenge: Hayo majibu ya kopi nayo muwe nayo macho. Ya mwanangu log ya 2 wameandika 0.0301 wakati ni 0.3010, mtoto kabishana na jedwali lake siku nzima. Bora ripoti za uchambuzi za NECTA, baraza la mitihani, zipo bure kwenye tovuti yao na zinaonyesha kabisa watahiniwa walikosea wapi.

Anti_wa_Sakina: Hilo sikulijua, asante dada.

Kibosho_Juu: Mi ushauri wangu kwa wavivu wenzangu. Sehemu A maswali kumi, kila moja alama sita, D inaanzia 30. Piga matano safi umeshaikimbia F 😅

Ticha_Mstaafu: Na ukikosea moja kati ya hayo matano?

Kibosho_Juu: Piga sita basi ticha.

Dogo_Pasua: Mwenye kopi za miaka ya karibuni aje inboksi, mdogo wangu anaingia chumba cha mtihani mwezi wa kumi na moja. Silipi buku tano.