Km 140 za changarawe kwa baiskeli kando ya mto, bila magari: tairi gani, upepo kiasi gani, na ramani niisomeje?

mwendo_pole

Heshima kwenu wakuu. Napanga safari ya siku 2, jumla km 140, kuufuata mto kutoka vilimani hadi uwanda wa chini. Nataka kukwepa lami na magari kabisa, hivyo njia niliyochora inapita barabara za mashamba, ukingo wa mfereji wa umwagiliaji na kipande cha reli ya zamani iliyong'olewa. Mvua zimekatika wiki 2 zilizopita.

Baiskeli: tairi 32 (upana kwa milimita) zenye tyubu, fremu inaruhusu hadi 42, breki za diski, krenki yenye meno 46/30, sproketi za nyuma zenye meno 11–34. Mimi nina kg 78, mzigo kg 8, baiskeli kg 12.

Nibaki na 32 au nipanue? Upepo kiasi gani? Na je, mwendo wa km 20 kwa saa ni makadirio sahihi, ikizingatiwa kwamba mwanzo wa njia uko mita 260 tu juu ya mwisho wake?

gololi_nane

Mkuu, 32 itakutesa. Weka 40. Usiende mpaka 42, kwa sababu tope la bondeni linahitaji nafasi ya kupita. Likichanganyika na nyasi kavu hujijenga ndani ya uma hadi gurudumu linagoma kuzunguka. Acha angalau milimita 6 kila upande, na upime baada ya kujaza upepo, maana tairi lililoandikwa 40 likikaa kwenye rimu pana linaweza kuvimba likafika 42. Chagua lenye meno mafupi yaliyosongamana katikati na marefu kidogo pembeni. Meno marefu kila mahali yanakula nguvu kwenye changarawe iliyoshindiliwa, na hiyo ndiyo sehemu kubwa ya njia yako.

Upepo: jumla yako ni kg 98. Kwa tairi 40 zenye tyubu anza na psi (kipimo cha msukumo wa upepo) 38 mbele na 42 nyuma. Zikiwa hazina tyubu, 32 na 36. Wengi hujaza hadi tairi iwe ngumu kama jiwe wakidhani ndiyo itakimbia. Kwenye lami laini sawa, ila kwenye kokoto tairi ngumu hurushwa juu na kila jiwe, na kila ikirushwa inakuinua wewe na mzigo wako. Nguvu hiyo umeitoa miguuni na hairudi. Tairi yenye upepo wa kiasi humeza jiwe na kuendelea.

Namna ya kupata kiwango chako: tafuta mita 500 za njia mbaya kuliko zote zilizo karibu, ipite kwa mwendo wako wa kawaida ukiwa na mzigo wote. Ukisikia rimu ikigonga hata mara moja, ongeza psi 2. Mikono ikifa ganzi na gurudumu la mbele likirukaruka kwenye kona, punguza 2. Tumia kipimo kilekile cha pampu kila mara, maana vipimo viwili havisomi sawa. Kumbuka pia jua: tairi iliyojazwa alfajiri ya baridi, joto likipanda nyuzi 20 huongezeka kama psi 3 hadi 4.

Upepo ukiwa mdogo mno na una tyubu, jiwe huibana tyubu dhidi ya rimu na kuitoboa matundu mawili sambamba kama meno ya nyoka. Ukiona pancha ya namna hiyo usihangaike kutafuta mwiba. Ziba yote mawili, ongeza psi 4, endelea.

ukingo_wa_nje

Nichukue swali la mwendo, kwa sababu hapo ndipo mipango ya mabondeni inapoharibika.

Hizo mita 260 ni tofauti ya kimo kati ya mwanzo na mwisho. Si jumla ya utakachopanda. Mto wenyewe unashuka taratibu, lakini njia haishuki nao. Kila kijito kinachoingia mtoni kimejichimbia korongo lake, na njia yako inatumbukia humo kisha inapanda tena ng'ambo. Fungua ramani yenye mistari ya kimo, uhesabu vijito vinavyoikata njia upande wako wa mto. Vikiwa 45, na kila kimoja kikakupandisha mita 15, umeshapanda mita 675 kwenye safari uliyoiita ya kuteremka. Fanya hesabu hiyo kwa kingo zote mbili. Mara nyingi upande mmoja una vijito vichache zaidi, na daraja moja la kukuvusha linaokoa nusu siku.

Kwa hiyo kadiria km 13 hadi 15 kwa saa ukiwa unaendesha. Km 70 kwa siku ni kama saa 5 za kukanyaga pedali, na saa nyingine 2 za mageti, vivuko, pancha na chakula.

Giya zako zinatosha. 30 kwa 34 inakupa karibu mita 1.9 kwa kila mzunguko wa pedali. Ukizungusha mara 60 kwa dakika ni km 7 kwa saa, na kwa mwendo huo unatoka kwenye korongo bila kushuka. Ila badilisha giya kabla hujafika chini. Ukingoja mpaka mlima ukushike, cheni iko chini ya nguvu zote na itagoma kuhama au itakatika. Panda ukiwa umekaa, kifua kimeinama. Ukisimama unaliondolea uzito gurudumu la nyuma, nalo huzunguka bure kwenye kokoto.

Sasa udongo. Uwanda unaofunikwa na maji ya mafuriko umejengwa kwa matope laini. Ukikauka unakuwa vumbi kama unga, ukilowa unanata. Juu yake kidogo kwa kawaida kuna ngazi ya ardhi ya zamani, mabaki ya kipindi ambacho mto ulipita juu zaidi. Aghalabu ina changarawe na haituamishi maji. Ukikuta njia mbili sambamba, moja ukingoni na nyingine imepanda mita 10 hivi, wiki 2 baada ya mvua chukua ya juu hata kama ni ndefu.

Angalia pia mapindo ya mto. Maji hula ukingo wa nje wa kona na kurundika mchanga upande wa ndani. Njia inayopita mita chache kutoka ukingo wa nje kwenye picha ya satelaiti ya miaka 3 iliyopita huenda leo haipo. Ile ya upande wa ndani ipo, lakini ni mchanga. Zikague kona zote mbaya kabla hujaondoka na uzichoree mchepuko.

Kwenye OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni, gusa kila kipande usome lebo ya tracktype, yaani ugumu wa njia. Grade1 ni ngumu iliyojengwa vizuri, grade5 ni udongo laini mtupu. Mimi ningekubali hadi grade3 kwa baiskeli yenye mzigo, na grade4 panapokuwa pakavu tu.

Upepo wa bondeni nao una ratiba. Siku ya jua, kuanzia kabla ya adhuhuri hewa huvuma kupandisha bonde, usiku hushuka. Wewe unateremka, kwa hiyo mchana utakupiga usoni. Anza saa 12 asubuhi, na km 40 za kwanza ziishe kabla ya saa 4.

pedi_na_cheni

Nakubaliana na gololi_nane kuhusu 40, ila usihamie tairi zisizo na tyubu siku chache kabla ya safari. Mkanda wa rimu usiposhika vizuri upepo unavuja polepole kupitia matundu ya spoku, na hilo huonekana siku ya pili au ya tatu. Ukiamua, fanya wiki 3 kabla: dawa ya kuziba ml 70 kwa kila tairi, zungusha na uilaze baiskeli ubavu mmoja saa 1, kisha wa pili. Bado beba tyubu 2. Dawa inaziba mwiba, haizibi mchaniko wa ubavuni uliokatwa na jiwe kali. Kwa huo unahitaji kipande cha tairi kuukuu, sm 4 kwa 6, cha kuweka kwa ndani kabla ya tyubu.

Vipuri ambavyo watu husahau: kiungo cha kuunganishia cheni kinacholingana na idadi ya sproketi zako, pedi za breki jozi 1, na lile sikio la chuma linaloshikilia giya ya nyuma kwenye fremu. Sikio hilo limetengenezwa laini makusudi, lipinde badala ya fremu. Kijiti kikiingia kwenye spoku linavunjika, na halifanani kati ya fremu na fremu, hivyo hutalipata njiani.

Cheni: tumia mafuta ya aina ya nta. Mafuta ya majimaji hushika vumbi na kuwa msasa. Jioni futa nje kwa kitambaa kikavu kabla ya kuongeza tone lolote.

mwendo_pole

Shukrani sana wakuu. Nimehesabu vijito: 38 ukingo wa kushoto, 21 wa kulia. Nimehamia kulia. Yamebaki mawili: vivuko visivyo na daraja viko 4, na ile reli ina km 18.

ukingo_wa_nje

Reli ikiwa imeng'olewa na kumwagiwa kokoto laini na kushindiliwa, hizo zitakuwa km 18 bora za safari yako. Mteremko wa reli mara chache huzidi asilimia 2 au 3, na makorongo yote yameshavukwa kwa matuta na madaraja. Katy Trail ya Marekani, karibu km 386 na sehemu ndefu ikiambatana na mto Missouri, ni reli ya zamani ya aina hiyo. Hakikisha tu kwamba mawe ya reli yenyewe yameondolewa au kufunikwa. Yale ya sm 3 hadi 6 yenye ncha hayaendesheki kwa tairi lolote ulilonalo, utasukuma. Kagua madaraja kwenye picha: mbao za sakafu zikiwa zimeondolewa, geuza mpango mapema.

Vivuko: simama, ingia kwa miguu kwanza ukiwa na fimbo. Maji yakifika magotini na yanakwenda kasi, usivuke, subiri au zunguka. Yakiwa chini ya goti lakini yanafikia hab (kitovu cha gurudumu), beba baiskeli, maana maji yakiingia kwenye gololi yanatoa grisi. Maji yakibadilika rangi kuwa kahawia ghafla, au vijiti na majani vikianza kuelea, imenyesha juu. Ondoka mtoni hata kama kwako mbingu ni nyeupe.

gololi_nane

Naongeza la mchanga, kwa sababu chini ya kila korongo utaukuta. Maliza kufunga breki kabla ya kuugusa. Ndani yake usifunge wala usikate kona: sogeza makalio nyuma kidogo, legeza mikono, gurudumu la mbele liachwe litangetange, miguu isiache kuzunguka. Likianza kuzama, shuka mara moja. Na ukitoka, sikiliza breki. Zikikwaruza, zimwagie maji ya kunywa kidogo, chembe za mchanga zitoke kabla hazijachimba diski.