Namba ya simu ndani ya picha! Hizi saini za barua pepe za kiofisi zimenishinda

Wakuu, habari za muda huu. Leo sina salamu ndefu, nina hasira.

Ijumaa, saa kumi na dakika ishirini jioni. Niko nje ya ofisi, simu mkononi, chaji asilimia tisa. Jamaa wa kampuni tunayofanya nayo kazi katutumia fomu ya malipo, na namba ya akaunti aliyojaza haifanani na ile ya kwenye ankara yake mwenyewe. Tarakimu mbili zimepishana. Saa kumi na moja mhasibu wetu anafunga malipo ya wiki. Dawa yake ndogo tu: nimpigie mwenye fomu, dakika moja, yaishe.

Nashuka chini ya barua yake kutafuta namba. Barua yenyewe ina mistari miwili. Saini nimekuja kuihesabu baadaye nikiwa nimetulia: mistari ishirini na sita. Jina. Cheo. Cheo kingine. Nembo. Kaulimbiu. Beji ya tuzo waliyowahi kupata. Vialama vinne vya mitandao ya kijamii. Bango la kututakia heri ya mwaka mpya, na mwaka wenyewe ulikuwa umeshazeeka. Kisha aya nzima ya onyo la usiri. Namba ya simu ipo, sisemi haipo. Ipo ndani ya picha.

Nikaibonyeza ili nipige, simu ikaniuliza kama nataka kuhifadhi picha. Nikaikuza, ikawa ukungu. Ile tarakimu ya tatu kutoka mwisho ni 3 au ni 8? Nikapiga na 8. Akapokea mama mmoja mtu mzima, akanisikiliza mpaka mwisho habari zangu zote za ankara na akaunti, halafu akasema taratibu, "Mwanangu, umekosea namba." Nikamwomba radhi. Nikapiga na 3, ikaita mpaka ikakata. Saa kumi na moja ikapita. Malipo yakasogezwa wiki iliyofuata, na Jumatatu aliyeitwa kujieleza ni mimi.

Sasa nauliza, saini ya barua pepe ni ya nani? Mimi siku zote nilijua ni ya anayepokea. Unamwambia: mimi ni fulani, nashughulika na hiki, ukinihitaji nipigie hapa. Basi. Watu wameigeuza ukuta wa kubandika matangazo.

Na hili halikukosa mwongozo. Oktoba 1995 ulitoka waraka wa adabu za mtandao unaoitwa RFC 1855, ukasema saini iwe fupi, kwa kawaida isizidi mistari minne. Sababu yao ilikuwa ya kiutu: watu wengi walikuwa wanalipia muunganisho kwa dakika, kwa hiyo ukirefusha barua unamtoa mwenzio hela mfukoni. Kuna hata alama ya kutangulia saini, vistari viwili na nafasi moja, peke yake kwenye mstari, ili programu ijue kuwa kuanzia hapo ni saini na iweze kuikata mtu anapojibu. Mara ya mwisho mmeiona lini?

Badala yake tuna nembo zinazosafiri na kila jibu. Picha ikiingia kwenye barua pepe hugeuzwa kuwa herufi ili iweze kusafiri, na kazi hiyo huiongezea uzito kama theluthi moja. Nembo ya kilobaiti 300 inafika na 400. Jibizaneni mara kumi na mbili muone. Ila uzito ningeuvumilia. Kinachoniua ni ile alama ya kibanio inayosema barua ina kiambatisho. Wiki mbili zilizopita nilikuwa natafuta mkataba mmoja kwenye mlolongo wa barua thelathini na kitu. Zote zina kibanio! Nafungua: image001.png. Ya pili: image001.png na image002.png. Nembo, nembo, kialama cha Facebook, nembo. Mkataba ulikuwa kwenye barua ya kumi na tisa, umebanwa katikati ya beji mbili kama abiria asiye na kiti.

Halafu onyo la usiri. "Iwapo barua hii imekufikia kimakosa, hupaswi kuisoma." Bwana, umeliweka mwisho! Nimeshasoma yote ndipo nakatazwa. Na hayo masharti mnayonifunga nayo, mimi nilikubali lini? Jana kuna mtu kanitumia neno moja, "Sawa", na chini yake maneno zaidi ya mia moja ya kulilinda hilo "Sawa" lisivuje.

Najua atatokea mtu aseme ni sheria. Kuna nchi ni sheria kweli. Uingereza na Ujerumani, tangu 2007 barua pepe ya kibiashara ya kampuni lazima ionyeshe jina kamili la kampuni, usajili wake na ofisi yake ilipo. Haya, hiyo naielewa, mteja ana haki ya kujua anashughulika na nani. Lakini hayo yanatosha mistari miwili mitatu ya maandishi. Hakuna sheria inayodai bango, wala picha yako umekunja mikono. (Nakiri, hata mimi niliwahi kuiweka ya kukunja mikono. Niliitoa baada ya mwezi, dada wa mapokezi aliponiuliza nilikuwa nasikia baridi.)

Vyeo na vyeti navipita haraka maana nitatukana. Kozi ya siku mbili haikai mbele ya jina.

Ile "Imetumwa kutoka iPhone yangu" watu wanaicheka, mimi naitetea. Ni mstari mmoja, na inanieleza kwa nini umekosea herufi.

Tuje kwenye maneno ya kufungia, maana hapa ndipo watu wanapigana ngumi wakiwa wamevaa tai. "Natanguliza shukrani." Kwa kazi ipi? Mimi sijakubali bado! Shukrani zimetangulia, mimi nimebaki nyuma na mzigo, na nikikataa sasa naonekana sina fadhila. Omba kwanza, nikikubali ndipo ushukuru.

"Natarajia ushirikiano wako." Hii ikitoka kwa mtu wa cheo changu inasomeka kama ombi, ikitoka juu inasomeka kama onyo la kwanza. Na nakala inakuwa imepelekwa kwa watu sita ili washuhudie.

"Kazi njema." Naipenda sana ikisemwa mlangoni. Lakini mtu anakutupia ripoti yake uimalizie saa tisa alasiri, inatakiwa kesho asubuhi, halafu anafunga na "Kazi njema"? Hiyo ni kebehi yenye suti. Na "Jioni njema" iliyoingia saa tano usiku ikiwa na faili la kurasa arobaini, mnitoe huko.

Yupo pia bosi mmoja wa zamani, simtaji. Niliomba ruhusa ya siku mbili kwenda kumuuguza mzee wangu. Jibu: "Haiwezekani." Nukta. Chini yake, kwa mwandiko wa mapambo na rangi ya zambarau, usemi kwamba kiongozi bora huwatanguliza watu wake. Sikuwa na cha kujibu. Nilibaki nautazama ule mwandiko.

"Wako mtiifu" wala sina ugomvi nayo, ni ya wazee wetu, ina heshima yake kwenye barua ya maombi ya kazi. Ila usinigombeze aya tatu nzima halafu uwe mtiifu wangu. Mtu ukiwa umekasirika, andika jina lako tu. Nitaelewa.

Ninachotaka mimi ni kidogo mno. Jina. Unafanya nini na wapi. Namba ya simu, kwa MAANDISHI, niibonyeze iite. Mkiwa mmejibizana mara ya tano ndani ya saa moja, hata hayo yaondoe, bakiza jina, maana kwa wakati huo nakufahamu kuliko ndugu zangu.

Yule jamaa wa Ijumaa nilimwandikia Jumatatu ileile, kwa upole wote niliojaliwa: "Ndugu, naomba unitumie namba yako kwa maandishi, kwenye picha haisomeki vizuri." Akakaa kimya. Jumatano mchana ndipo jibu likaingia.

"Namba yangu ipo hapo chini. Natanguliza shukrani."

Chini yake, picha ileile.