Vidonge vya kliniki, chai ya asubuhi na chupa mbili za shangazi

Baharia wa Langoni:
Assalaam alaykum. Mke wangu ana mimba ya miezi miwili, na kliniki hapa Lamu wamempa vidonge vya madini ya chuma na asidi foliki, ambavyo humeza kila asubuhi kwa chai ya maziwa na mahamri. Juzi shangazi yake alimletea kutoka Mombasa chupa mbili, moja ya vitamini mchanganyiko na nyingine ya mafuta ya ini la samaki. Chakula chetu ni wali wa nazi na samaki karibu kila siku, na mchicha mara mbili kwa wiki. Je, chupa hizi zina haja, au tunatia maji baharini?

Mkunga Mstaafu:
Wa alaykum salaam. Mafuta ya ini yawekeni kando leo hii. Ini huhifadhi vitamini A kwa wingi, na vitamini hiyo, tofauti na vitamini C ambayo ziada yake hutoka kwa mkojo, hujilimbikiza mwilini. Mjamzito anayezidisha mikrogramu 3,000 kwa siku humweka mtoto katika hatari ya kuzaliwa na kasoro, hasa miezi hii viungo vinapoumbika. Vitamini A ya embe na papai haina hatari hiyo, basi ale ashibe. Chupa ya pili ipelekeni kliniki wasome lebo, kwani huenda inarudia yale anayopewa tayari. Vidonge vya kliniki asiviache kamwe: Shirika la Afya Duniani linapendekeza mikrogramu 400 za asidi foliki kwa siku, na mchicha wa mara mbili kwa wiki haufikishi hapo.

Jikoni Shela:
Mimi lililonishtua ni chai. Chai huzuia chuma kuingia mwilini, na maziwa nayo hayasaidii, kwa hiyo vidonge vizuri kama hivyo vinapita bure. Ameze kwa maji yaliyokamuliwa ndimu, kwa sababu vitamini C hukisaidia chuma, kisha chai aisubirishe saa moja au mbili. Na ule mchicha, mwanangu, msiuchemshe mkamwaga maji, maana foliki huondoka nayo. Utieni kwenye tui dakika chache tu, kwani mafuta ya nazi ndiyo yanayoisaidia vitamini A ya majani kufyonzwa.

Baharia wa Langoni:
Shukrani, mama zangu. Leo amemeza kwa ndimu, na chai ameinywa saa nne. Mafuta ya ini nimeyafungia kabatini, ila shangazi hupiga simu kila jioni kuuliza kama chupa imefika nusu.