Mrejesho: letusi nilizopanda majira ya kuchipua
Mwezi Machi niliwaomba ushauri kuhusu aina ya letusi inayofaa bustani yangu ndogo ya nyumbani hapa Columbus, Ohio, ambako majira ya kuchipua ni mafupi na joto la Juni huja ghafla. Wengi wenu mlinionya nisihangaike na Iceberg, kwa kuwa huchelewa kufunga kichwa, yaani majani kujikunja pamoja kama kabichi. Nawashukuru, ingawa kwa ukaidi wangu nilipanda miche minne.

Black Seeded Simpson na Buttercrunch nilizisia tarehe 6 Aprili, nikizifunika mbegu kwa udongo kiduchu tu, kwani huota vizuri zaidi zikipata mwanga. Simpson nilianza kuichuma katikati ya Mei, nikikata majani ya nje na kuuacha moyo uendelee kuchipua; ni laini sana, lakini hunyauka kabla hujafika nayo jikoni. Buttercrunch ilichukua takribani siku 60, na ndiyo iliyonikosha: majani manene yaliyokumbatiana, matamu hata yakiliwa kwa ndimu na chumvi pekee.

Joto lilipoingia, Simpson ilirefuka shina ndani ya wiki moja, na nilipolikata lilitoa utomvu mweupe kama maziwa, huku majani yakiwa machungu kama shubiri. Jericho, aina iliyozalishwa Israeli kwa ajili ya joto, ambayo niliiongeza kwa ushauri wenu, ilistahimili hadi mwanzoni mwa Julai.

Zile Iceberg nne hazikufunga kichwa hata moja, wamezila sungura.