Kabla hamjanunua vishikwambi, badilisheni mtihani

Wadau, huu mjadala wa shule za umma kwenda na wakati umekuwa mrefu na naona hoja nyingi zinaishia palepale: kila mwanafunzi apewe kishikwambi, intaneti ifike kila shule, watoto waanze kutengeneza programu za kompyuta tangu darasa la kwanza, akili mnemba iingie darasani. Mimi nafundisha fizikia, nakubali kabisa lazima tubadilike, ila tunaanzia mwisho. Kinachoendesha shule ni mtihani jamani. Mwalimu anafundisha kinachotoka kwenye mtihani, mzazi anauliza matokeo, mkuu wa shule anapimwa kwa matokeo hayohayo, sasa hata ukimwaga kompyuta shule nzima wakati karatasi bado inauliza "taja" na "orodhesha", hizo kompyuta zitatumika kukariria tu.

Nina mwanafunzi wangu mmoja, mtoto makini, madesa yake yamepangwa mpaka raha. Siku moja nikamwambia anipe kanuni ya Archimedes, ile ya vitu kuelea na kuzama, akaitiririsha neno kwa neno. Nikachukua msumari nikaudumbukiza kwenye ndoo ya maji, ukazama, nikamuuliza haka kamsumari kamezama, meli ya chuma yenye maelfu ya tani inaelea, kwanini? Akautazama ule msumari kule chini, akanitazama mimi, akasema "mwalimu, hiyo hatujafundishwa." Iliniuma maana aliyemfundisha ni mimi, na kwenye mtihani swali la kanuni hiyo alikuwa amepata maksi zote. Maksi zipo, uelewa haupo, na kosa sio la mtoto, alifanya kile tulichomwambia kina maksi.

Kuna mdau amesema vifaa vyenyewe vitaamsha watoto, wakishashika kompyuta watajifunza wenyewe. Hilo lilishajaribiwa. Peru iligawa laptopu za mradi wa One Laptop per Child (yaani kila mtoto laptopu yake) kwenye shule za msingi vijijini, watafiti wakafuatilia shule 319 na mwaka 2012 wakatoa majibu: baada ya kama miezi 15 watoto walikuwa wanatumia kompyuta zaidi, sawa, ila matokeo ya hesabu na lugha hayakupanda. Korea Kusini, nchi yenye intaneti ya kutisha, ilianza kutumia vitabu vya kidijitali vya akili mnemba Machi 2025, na Agosti mwaka huohuo bunge likaviondolea hadhi ya vitabu rasmi vya kiada. Miezi mitano tu!

Wengine mtaniletea Estonia na mko sahihi, wale walianza kusambaza kompyuta na intaneti mashuleni miaka ya 1990 kwa mradi wao wa Tiigrihüpe, na kwenye PISA ya 2018, ule mtihani wa kimataifa wa kulinganisha nchi, waliongoza Ulaya nzima kwa kusoma, hesabu na sayansi. Lakini angalieni na upande wa pili. Walimu waliingizwa kwenye mafunzo sambamba na kompyuta, mwalimu wao anatakiwa awe na shahada ya uzamili, na akishaingia darasani ana uhuru mkubwa wa kuamua afundishe vipi. PISA yenyewe inampima mtoto wa miaka 15 kama anaweza kutumia anachojua, haimuulizi akitaje.

Halafu kuna hili la kusoma ambalo watu wanaliruka kama vile limeshaisha. Mwaka 2022 Benki ya Dunia na wenzake walikadiria kwamba kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati, watoto 70 kati ya 100 wa miaka 10 hawawezi kusoma habari fupi rahisi na kuielewa, kabla ya korona walikuwa 57. Mtoto huyo unampa programu ya akili mnemba ajibiwe maswali yake, hayo majibu atayasomaje? India shirika la Pratham limekuwa likipanga watoto kwa kiwango cha kusoma badala ya darasa walilopo, wa herufi na herufi, wa sentensi na sentensi, na utafiti umeonyesha wanapanda. Hapo hakuna kifaa cha bei mbaya.

Sasa niseme kuhusu pingamizi ambalo naliheshimu, maana limetolewa na watu wanaosahihisha. Wanasema maswali ya kufikiri yanasahihishwa kwa shida, wasahihishaji wawili wanaweza kutoa maksi tofauti kwa jibu moja, na ukiruhusu mwalimu atoe maksi za kazi za mradi basi undugu na bahasha vitaingia. Ni kweli tupu. Na tangu ChatGPT itoke Novemba 2022 mradi wa kufanyia nyumbani hauna uhakika tena, mtoto analeta kurasa kumi nzuri ambazo hajasoma hata moja.

Ila dawa yake sio kurudi kwenye "taja". Darasa langu lina watoto 60. Niliwapa kazi ndogo ya kuelezea kitu kimoja kinachoelea au kuzama, halafu kila mmoja akaja mbele dakika tano akaulizwa maswali juu ya alichoandika. Piga hesabu, 60 mara tano ni dakika 300, saa tano, nilizigawa kwa wiki mbili na zikatosha. Aliyeandikiwa alijulikana kwenye swali la pili tu. Nilimwomba mwenzangu wa shule nyingine akae nami siku mbili atoe maksi zake pembeni, tukalinganisha, tulipotofautiana sana tukamwita mtoto tena. Sisemi mtihani wote wa taifa uwe hivi kesho, hapana, robo ya maksi inatosha kuanzia, na msahihishaji asitoke shule ileile. Robo ikibadilika na mwalimu atabadilika, maana hakuna mwalimu anayekubali darasa lake lipoteze robo nzima.

Yule wa msumari alirudi zamu yake na kibati bapa. Akakiweka kwenye maji kikazama, akakikunja kingo kama kikombe, akakirudisha, kikaelea. Akaanza kueleza kwa maneno yake mwenyewe, akakosea katikati, akajisahihisha. Kwenye mtihani tulionao sasa hivi sina pa kumwandikia hata nusu maksi kwa kile alichofanya.

Kwa hiyo mnaosema tuanze na vifaa, nijibuni hapo kwenye maksi. Na walimu wa historia na lugha, kwenye fizikia jibu linashikika, nyie kwenye insha mnazuiaje upendeleo?