Miguu inavimba, mkojo una povu: ni figo au kukaa sana kwenye usukani?

Msafiri_Tunduma:
Habari zenu wakuu. Naendesha lori Dar–Tunduma, nina miaka 44. Siku hizi nikivua soksi jioni zinaacha mfereji mguuni, na nikibonyeza kwa kidole shimo linabaki. Nilisema ni kukaa sana. Lakini sasa hata asubuhi, nikitoka kulala, kope zimejaa. Mkojo una povu lisilokatika. Mgongo unauma, kwa hiyo diklofenaki nameza karibu kila safari. Madereva wenzangu wanasema mgongo ukiuma hivyo ni figo, ninywe maji mengi na dawa ya majani. Nianzie wapi? Watoto bado wadogo.

Nesi_Bahati:
Pole kaka. Nafanya kazi kwenye chumba cha kusafisha damu, na mgongo huwa unawapoteza watu wengi. Figo hufa kimyakimya, nusu ya kazi yake inaweza kuondoka hujaumwa popote. Mimi nashtuka zaidi na hilo povu na hizo kope. Huenda protini inavuja kwenye mkojo; ikipungua kwenye damu, maji yanahamia kwenye nyama laini, kope ni za kwanza. Moyo na ini navyo huvimbisha miguu, ndiyo maana lazima upime.

Pima presha, sukari, mkojo, na kreatinini kwenye damu (ni uchafu ambao figo hutakiwa kuutoa). Waombe wakukokotolee kiwango cha figo kuchuja. Kikikaa chini ya 60 kwa zaidi ya miezi 3, huo ni ugonjwa sugu. Chini ya 15 ndipo tunapoanza kuongelea mashine ya kusafisha damu.

Diklofenaki acha leo, inabana damu inayokwenda kwenye figo. Maumivu yakizidi, parasetamo kwa kipimo chake. Maji usijilazimishe, mwili uliovimba unaweza kushindwa kuyatoa. Na hayo majani, tafadhali, achana nayo kabisa.

MamaK_Moro:
Shemeji, msikilize dada. Kaka yangu alikuwa anawashwa mwili mzima, kichefuchefu kila asubuhi, chakula hakipandi. Akatibiwa vidonda vya tumbo, akatibiwa malaria. Presha hakuna aliyempima hadi alipoanguka. Sasa yuko kwenye mashine mara tatu kwa wiki, masaa manne kila akienda. Bima ndiyo inatubeba, bila hiyo tungeuza kiwanja.

Msafiri_Tunduma:
Asanteni sana. Presha sijapima tangu nipate leseni. Kesho napakia, je nikipima njiani inafaa?

Nesi_Bahati:
Presha na kijiti cha mkojo hata kituo cha afya wanavyo, pitia kabla ya kupakia. Kreatinini nenda hospitali ya wilaya wiki hii hii. Ila ukikosa pumzi ukilala chali, au mkojo ukapungua ghafla, mwambie bosi atafute dereva mwingine, wewe nenda hospitali saa hiyo hiyo.