Naomba ushauri: nafundisha yoga, hedhi inaelekea kukoma, wasiwasi umenizidi

Habari zenu wapendwa. Nina miaka 49, nafundisha yoga hapa Dar, mwaka wa saba huu. Hedhi inaruka miezi. Daktari kaniambia mpaka itimie miezi 12 mfululizo bila kuiona ndipo tuseme imekoma. Sawa, nasubiri. Kinachonitesa ni wasiwasi: saa tisa usiku nashtuka, moyo unakimbia, shuka limelowa. Juzi nawaambia wanafunzi "pumueni taratibu", mwenyewe jasho linadondokea mkeka na mikono inatetemeka. Nikaishia kulala chali, miguu ukutani, nikasingizia ndiyo zoezi la siku! Zile pumzi za haraka za tumbo nimeshaziacha, zinaniwashia joto. Mliopitia hili: niwaambie wanafunzi ukweli, au nisimame kwanza kufundisha? Na dawa za homoni, kuna aliyetumia?